Kliniki sukari inasoma 6, mbona kidonda hakifungi?

Dokta, salaam.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 53, naishi Korogwe. Nimegundulika na kisukari miaka tisa iliyopita. Natumia metformini na kidonge kingine, ingawa kusema kweli kuna wiki zinapita bila dawa, hasa zikiisha kabla ya siku ya kliniki.

Huu ni mwezi wa pili nina kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilikanyaga pini iliyoanguka sakafuni na wala sikuisikia. Jioni ndiyo nikaona damu kwenye kandambili. Nimekiosha kwa spiriti, nimepaka unga wa majani alionipa jirani, bado kiko wazi. Hakiumi, ndiyo maana sikukimbilia hospitali.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki. Asubuhi walinichoma kidole, mashine ikasoma 6.2, nikafurahi. Halafu daktari akaagiza nitolewe damu ya mkononi, kile kipimo cha miezi mitatu, kikarudi asilimia 10.4. Akanitazama akasema, "Mama, unatudanganya." Niliona aibu mbele ya watu. Nikuambie ukweli: siku tatu kabla ya kliniki sigusi ugali wala wali, nakula mchicha na dagaa tu. Lakini 6.2 si mimi niliyeiandika, ni mashine. Sasa mwongo ni nani?

Kijana wangu anasoma mambo ya maabara chuoni Dodoma. Nilipompigia simu akanieleza kwamba protini za mwili wangu zimeshikana na sukari na kuharibika, kwamba zinaipigia kelele kinga ya mwili mchana na usiku, na kwamba seli zina mtambo wa kuvunja protini mbovu lakini hizi hauziwezi. Alikuwa kama hakimu anayesoma hukumu. Akamalizia kwamba nisile tena nyama choma wala chapati.

Na vidole vya mikono vimekakamaa. Nikikutanisha viganja kusali, katikati panabaki nafasi ya kupitisha penseli. Kushika sindano ya mkono kumekuwa kazi.

Juzi mtu mmoja kaniuzia chupa ya shilingi 85,000, anasema inafuta sukari kwenye protini. Sijaifungua. Niinywe? Na hayo aliyosema kijana ni kweli? Kama protini zimekwisha kuharibika, nikishusha sukari sasa itanisaidia nini?

*Fundi wa Korogwe*

Dada Fundi,

Tuanze na mguu, protini zitangoja. Kidonda kisichouma kwenye unyayo wa mtu mwenye kisukari kinanitia hofu kuliko kile kinachomkesha mtu. Kutouma maana yake mguu umekufa ganzi, na mguu wenye ganzi hauna wa kuutetea: unaukanyagia kidonda kutwa nzima na wenyewe umenyamaza. Nenda hospitali kesho, usingoje tarehe ya kliniki. Ukifika tu waambie: nina kisukari, nina kidonda cha miezi miwili, mguu una ganzi. Watakisafisha, wataondoa nyama iliyokufa, watapapasa mapigo ya damu mguuni, na huenda wakapiga eksirei kuangalia kama mfupa umeguswa. Ukiona pembeni panakuwa peusi, panatoa harufu, wekundu unapanda, au homa inakushika, usingoje kesho, nenda usiku huohuo. Spiriti iache, inaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Unga wa majani uache. Na mguu huo usiukande kwa maji ya moto, maana yakikubabua hutajua.

Sasa swali la mwongo. Hakuna mwongo hapo. Mashine ilisema kweli ya asubuhi ile, na kipimo cha pili kikasema kweli ya miezi mitatu. Daktari angeweza kukuambia hivyo faraghani, bila lile neno lake.

Sukari ikijaa kwenye damu haipiti tu, inanata. Hakuna kimeng'enya kinachoiamuru kunata wala seli iliyoiomba. Ni kemia ileile inayogeuza andazi jeupe kuwa la hudhurungi kwenye karai, ambayo Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Kwenye karai ni dakika chache kwa sababu ya moto. Kwenye mwili wenye nyuzi 37 ni siku, wiki na miaka, lakini inakwenda vilevile.

Wewe fundi utanielewa upesi. Mwanzoni sukari hushikizwa kwenye protini kama kitambaa kilichochomekwa pini: sukari ya damu ikishuka, pini inachomoka yenyewe. Ikikaa, inakuwa kama umepiga bandi, ule mshono wa muda. Hapo kufumua kunawezekana lakini ni kwa shida. Ikikaa zaidi, inapigwa cherehani, na mara nyingi inashonea protini mbili pamoja ambazo hazikupaswa kushikana. Hatua hiyo ya mwisho wataalamu wameipa kifupi cha AGE, herufi ambazo kwa Kiingereza husomeka "umri". Hawakukosea sana, maana kila binadamu anayezeeka anazo, mwenye kisukari huzikusanya upesi tu.

Kipimo chako cha 10.4 husoma ile bandi. Mwaka 1968, Samuel Rahbar, daktari wa Iran, alipokuwa akichunguza aina za himoglobini, protini inayoipa damu wekundu, pale Tehran, aliona kwamba kwa wagonjwa wa kisukari kuna sehemu ya himoglobini isiyofanana na nyingine. Ilikuwa himoglobini iliyonata sukari, ndiyo hiyo leo inaitwa HbA1c. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo inabeba alama za sukari iliyokutana nayo. Asilimia 10.4 maana yake wastani wa sukari yako, kwa namba za mashine ya kidole, umekuwa karibu 14. Siku tatu za mchicha na dagaa haziwezi kufumua bandi ya miezi mitatu, dada yangu. Lakini karibu nusu ya namba hiyo hutokana na mwezi mmoja wa mwisho, kwa hiyo ukianza leo kwa kweli, ukipima tena utaiona imesogea.

Jambo moja la pembeni ila ni muhimu kwa watu wa huko kwetu: kama kwenye familia yenu kuna selimundu, au uliwahi kuongezewa damu miezi ya karibuni, au umetoka kuugua malaria kali, mwambie daktari. Seli nyekundu zikifa kabla ya muda wake, kipimo hiki husoma chini ya ukweli. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kukipandisha. Kwa namba kama yako sidhani kama itabadilisha uamuzi, ila aijue.

Kijana wako hakukosea kwenye kelele. Mwaka 1992 Ann Marie Schmidt, David Stern na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza kipokezi kilicho juu ya seli ambacho hushika protini hizi zilizoshonwa na sukari. Kinaitwa RAGE, ambayo kwa Kiingereza ni "ghadhabu", na sina shaka waliochagua jina hilo walitabasamu. Kipokezi hiki kinazo kazi nyingine pia, kwani hupokea habari za seli zilizojeruhiwa. Protini ya AGE ikikigusa, seli huelewa kwamba kuna jeraha mahali fulani, na hupiga kengele.

Namna kengele inavyopigwa ndiyo sehemu ninayoipenda, na naona kijana aliiruka. Ndani ya seli kuna protini iitwayo NF-kB, yenye uwezo wa kuwasha jeni za kinga. Siku zote inashikiliwa nje ya kiini cha seli na mlinzi wake aitwaye IkB. RAGE ikiguswa, mlinzi hubandikwa kibandiko kidogo cha protini kiitwacho yubikwitini, ambacho maana yake ni "huyu asagwe". Anapelekwa kwenye mtambo uitwao proteasomu, anakatwakatwa, na NF-kB iliyobaki bila mlinzi inaingia kwenye kiini na kuwasha kengele: TNF, IL-6 na wenzao, zile kemikali zinazoita chembe nyeupe na kuleta uvimbe. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua jinsi kibandiko hicho kinavyopeleka protini kusagwa.

Kwa maneno mengine, mtambo uleule ambao kijana alikuambia umeshindwa na protini zako ndio unaofungulia kengele. Kuvunja protini na kuita kinga ni kazi za jikoni moja.

Kwa kawaida kengele hujizima. NF-kB ikishaingia kwenye kiini huagiza pia atengenezwe mlinzi mpya, naye akija anaitoa nje. Kwa kidole kilichokatwa na mkasi, hilo linatosha. Tatizo ni kwamba huagiza na vipokezi vipya vya RAGE. Kama protini zilizonata sukari bado zimejaa, mlinzi mpya hajakaa sawa kengele inagongwa tena, safari hii na vipokezi vingi zaidi. Kinga inabaki imechangamka nusu nusu kwa miaka, haitulii na haipigani sawasawa. Ndiyo maana kidonda kama chako huwa na majimaji na wekundu lakini hakijengi nyama: seli za kinga zinazoitwa makrofaji, ambazo zilipaswa kumaliza vita na kugeuka mafundi wa kujenga, zinabakia askari. Ongeza ganzi, ongeza mishipa ya damu iliyokakamaa, ongeza chembe nyeupe zinazopungukiwa nguvu sukari inapokuwa juu. Sitaki udhani ni AGE peke yake. Udhaifu huohuo wa kinga ndio unaomfanya mwenye kisukari apate kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine, kwa hiyo ukikohoa zaidi ya wiki mbili, kapime makohozi.

Sasa mtambo wenyewe. Proteasomu ina umbo la pipa lenye mdomo mwembamba, na protini haiingii ikiwa imejikunja. Lazima ikunjuliwe na kuvutwa kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Uzi laini unapita. Uzi wenye mafundo unakwama, na wewe unajua unavyoweza kukaa asubuhi nzima na sindano iliyoziba. Protini iliyoshonewa nyingine na sukari ni uzi wenye mafundo. Halafu sukari nyingi ndani ya seli huzaa methilglioksali, kitu kinachonata kwa haraka kuliko sukari yenyewe, nacho hukaa hata kwenye kuta za pipa. Majaribio kwa panya wenye kisukari yameonyesha kwamba proteasomu zao hupungua nguvu kwa sababu hiyo.

Ila kijana aliposema "hauziwezi" alivuka mpaka. Protini iliyoharibika kidogo, mtambo unaila bila taabu. Zilizokakamaa zaidi zina njia nyingine: lisosomu, vifuko vyenye tindikali na vimeng'enya, ambavyo havihitaji uzi upite kwenye tundu. Makrofaji humeza protini mbovu kutoka nje na kuzimaliza humo, na vipande vidogo huenda kwenye damu, figo zikavitoa na mkojo. Kwa hiyo ukitaka kusaidia usafishaji huo, linda figo: kila mwaka wapime protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu, na presha isipande. Ukiona kliniki inapita mwaka mzima bila kukupima mkojo, uliza. Sijui kwa nini watu wetu wanaona haya kuuliza kipimo.

Na kuna kitu ambacho hata watu wa maabara husahau. Protini inayokakamaza vidole vyako haiko ndani ya seli. Kolajeni, kamba inayoshikilia ngozi, kano na maungio, iko nje, mahali ambapo proteasomu haifiki kabisa. Na huwa haibadilishwi upesi: nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua miaka kama 15 kufanywa upya, na ya gegedu ni zaidi ya maisha ya mtu. Sukari imepata muda wote wa kuishona. Viganja vyako visivyokutana, madaktari huviita "alama ya sala". Ukimwonyesha mtaalamu ataitambua kabla hujamaliza kueleza. Muombe akupeleke kwa mtu wa fiziotherapia akufundishe kunyoosha vidole kila siku, maana vikiachwa vitazidi. Kama kuna kidole kinachokwama kimekunjwa na kufunguka kwa mlio, hilo lina matibabu yake.

Swali lako la mwisho, "itanisaidia nini", jibu lake liko kwenye umri wa kila protini. Albumini ya damu hubadilika kwa wiki kadhaa, basi ndani ya mwezi unakuwa na albumini yenye sukari kidogo, na RAGE inapata wa kuigongea wachache. Himoglobini, miezi mitatu. Kolajeni ya vidole, usitegemee muujiza, ila unazuia mishono mipya. Protini za katikati ya lenzi ya jicho hazibadilishwi tangu tumbo la mama, na ndiyo sababu moja ya mtoto wa jicho kuwahi kwa wenye kisukari. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba waliodumu na HbA1c karibu na 7, badala ya 9, waliharibika macho, figo na neva kwa uchache sana. Kilichowashangaza wengi kilikuja baadaye: utafiti ulipokwisha, makundi mawili yakalingana sukari, lakini waliokuwa wameitunza vizuri mwanzoni waliendelea kuwa na nafuu kwa miaka. Wewe una aina ya pili, ila Uingereza mwaka 1998 ilionekana kwamba hata kwenu kushusha sukari kunalinda mishipa midogo ya damu.

Chupa ile usiinywe. Mwenye kuiuza anakuambia amefanya kilichoshinda makampuni yenye maabara na fedha. Aminoguanidini ilijaribiwa kwa wenye kisukari kuzuia AGE zisitengenezwe, madhara yakawa makubwa kuliko faida. Alagebriumu ilitengenezwa mahsusi kufumua hiyo mishono, ikajaribiwa kwa watu, haikufika madukani. Dawa moja ya kuziba RAGE ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikashindwa mwaka 2018. Halafu chupa ya Korogwe iwe imefaulu? Na chupa kama hizo wakati mwingine huwa zimechanganywa na vidonge vya kushusha sukari bila kuandikwa, ukaanguka kwenye cherehani hujui kilichokupiga. Rudisha, udai 85,000 yako. Hiyo inanunua vidonge vya metformini vya kuziba zile wiki unazoruka.

Kwenye nyama choma na chapati, kijana ana hoja ndogo. Chakula kilichobabuka kina AGE nyingi kuliko cha kuchemsha, lakini sehemu ndogo tu hupenya tumboni hadi kwenye damu. Nyingi ulizonazo umezitengeneza mwenyewe kwa sukari ya 14. Chapati nakuzuia kwa sababu ya wanga, si kwa rangi yake. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu ni bora kuliko wa kukaanga, na ndimu yenyewe hupunguza hiyo kemia kabla ya moto. Siku ya harusi ukila mishikaki miwili, hukuvunja kitu. Kama kuna anayevuta sigara nyumbani, huyo mwambie avutie nje, moshi wake una hivyohivyo vitu vinavyonata.

Kwa 10.4 pamoja na kidonda, huenda daktari akataka kukuanzishia insulini. Usikatae kwa woga wa sindano, wewe mwenye sindano mia moja mezani. Ila muombe macho yapimwe kwanza, kwa sababu sukari ikishuka kwa ghafla baada ya kuwa juu miaka mingi, macho yaliyokwisha kuanza kuharibika huweza kuzidi kwa muda. Na mwambie kuhusu zile siku tatu za mchicha, na wiki zisizo na dawa. Akipanga dozi kwa kuamini 6.2, utaumia wewe.

Bado kazi. Umesema ni kidole gumba cha mguu wa kulia, nami nina wasiwasi kwamba cherehani yako ni ya kukanyaga. Kama ndivyo, kila gauni unalolishona sasa unalishonea juu ya kidonda. Mpaka kifunge, mguu huo usiguse pedali: funga mota ukiweza, au mtafute kijana akukanyagie ukate na kupima tu. Viatu viwe vya kufunika vidole, na kila asubuhi uvikung'ute na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa. Na nunua kipande cha sumaku kwenye spika mbovu kwa fundi redio, ukifunge kwenye ufito, ukipitishe chini ya meza kila jioni kabla ya kufagia. Utashangaa zimelala pini ngapi hapo.